Jamani Dada, Kumbe Yote Yale Yamekukuta Wewe?

Nilikuwa chini ya mikono ya msusi Tandika, nasukwa twende kilioni, shingo imeinamishwa hadi naona vidole vyangu vya miguu. Dada aliyekaa kiti cha pili akaanza kuwasomea wenzake simulizi kwenye simu. "Ilipoishia: Mwajuma alirudi bombani, akakuta ndala za mumewe zimeoshwa, zinang'aa…" Simulizi ilikuwa yangu. Nikajinyamazia. Saluni nzima ikatega sikio, hata mama aliyekuwa kwenye draya akatoa kichwa asipitwe. Msomaji alipofika kwenye ITAENDELEA akasonya: "Huyu mtunzi anatuacha na arosto makusudi." Jirani yangu aliyenisindikiza akashindwa kujizuia, akanichongea.

Msusi akaacha msuko katikati, akaniinua kidevu anitazame vizuri kwenye kioo.

"Jamani dada, kumbe ndiyo wewe? Pole. Yote yale yamekukuta?"

Ninaandika hadithi za mapenzi mwaka wa kumi na moja sasa. Nilianzia kwenye magazeti pendwa, siku hizi niko kwenye magrupu ya WhatsApp, ambako sehemu za mwanzo ni bure na zilizobaki msomaji analipia kwa simu. Swali la msusi nimeulizwa harusini, nimeulizwa msibani, na siku moja niliulizwa na muuguzi akiwa bado anatafuta mshipa mkononi mwangu. Naanza nalo kwa sababu ndilo linalonisumbua kuliko mengine ambayo watu huyaamini kuhusu sisi watunzi wa mapenzi.

"Anaandika yaliyomkuta"

Mume wangu ni fundi friji. Hajanikimbia na shoga yangu, hajapotea baharini, na kama ana mapacha wa siri Tabora basi amewaficha vizuri sana. Barbara Cartland wa Uingereza aliacha vitabu 723 na aliishi miaka 98. Kama kila kitabu kingekuwa penzi lake mwenyewe, angehitaji wachumba zaidi ya saba kila mwaka, tangu siku ya arobaini yake. Jane Austen naye hakuolewa kabisa. Alifariki mwaka 1817 akiwa na miaka 41, ameacha riwaya sita alizozikamilisha, na hadi leo watu wanajifunza kwake namna posa inavyoweza kuharibika kwa neno moja la majivuno.

Nikichukua kitu kwenye maisha, nachukua kidogo mno. Zile ndala, kwa mfano. Utotoni nilimwona mjomba wangu, mtu asiyejua hata sabuni inawekwa wapi, amechuchumaa bombani anasugua ndala zake kwa brashi. Alikuwa anakwenda kuomba kazi na viatu hana. Picha ile ilinikaa miaka thelathini. Nilipohitaji mke agundue kwamba mumewe ana mtu mwingine, nilichoka na simu yenye namba ya siri na shati lenye rangi ya mdomo. Nikamkumbuka mjomba. Mwanamume ambaye kwa miaka kumi na miwili hajawahi kuosha ndala, leo ameziosha mwenyewe. Kwa nani? Mjomba wangu hakumsaliti mtu yeyote, Mungu amrehemu. Niliazima mkono wake tu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia anunue daftari dogo na apande daladala. Asiandike stori nzima ya mtu anayeongea na simu nyuma yake, aandike namna anavyoongea: mwanamke anayesema "sijakasirika" huku anakunja tiketi mara nane. Siri ya jirani usiichukue nzima. Changanya watu watatu, badilisha mtaa, badilisha kazi, badilisha hata idadi ya watoto. Akijitambua mtu mmoja, umeandika umbea, na utakutana naye dukani kesho asubuhi. Mimi limenikuta hilo, na sehemu ile niliifuta.

"Husubiri hisia zimshukie"

Hapa watu wananiwazia ufukweni Kigamboni, upepo unapiga, nguo nyeupe. Ukweli ni saa kumi na nusu alfajiri, kigoda cha jikoni, uji wa watoto motoni, na simu yenye kioo kilichopasuka pembeni. Naandika kwa kidole gumba. Saa kumi na mbili kasoro basi la shule linapiga honi, na mpenzi wa mtu anaachwa na mdomo wazi hadi kesho.

Sijioni wa ajabu. Nora Roberts wa Marekani alianza mwaka 1979, theluji ilipomfungia ndani Maryland na wanawe wawili wadogo. Alichukua daftari ili asipandwe na wazimu. Miswada ya mwanzo ilikataliwa, kitabu cha kwanza kikatoka mwaka 1981, na leo amevuka vitabu 200. Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19, alikuwa mtumishi wa posta: aliandika alfajiri kabla ya kazi, saa imewekwa mezani mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa. Cartland ndiye pekee niliyemwonea wivu, maana alilala kwenye kochi akisema, katibu akiandika.

Hesabu yangu ni ya dukani. Maneno 500 kwa siku, siku sita kwa wiki, ni maneno 3,000. Wiki ishirini ni 60,000, na hiyo ni riwaya kamili. Hisia huwa zinakuja, tena nyingi, ila mara nyingi zinanikuta nimeshafika neno la mia mbili.

Jioni namsomea mama mkwe. Macho yake hayawezi herufi za simu, kwa hiyo anachambua mchele huku anasikiliza. Mkono wake ukisimama juu ya ungo, najua pale pamekaa sawa. Akiendelea kutoa mawe na chuya kana kwamba sisemi kitu, sehemu hiyo naikata. Hajawahi kuniambia neno la sifa wala la lawama. Ungo unatosha.

"Mapenzi ni mepesi kuandika: wanakutana, wanapendana, wanaoana"

Hii wananiambia zaidi wanaume wanaoandika hadithi za kijasusi. Kwenye upelelezi msomaji hajui muuaji ni nani. Kwangu anajua tangu ukurasa wa pili kwamba hawa wawili watapendana, na amelipa pesa yake akijua. Chama cha waandishi wa riwaya hizi Marekani kilitoa maana yenye masharti mawili: penzi liwe ndiyo kiini cha hadithi, na mwisho uridhishe na uwe na matumaini. Wasomaji wetu hawana masharti hayo, watavumilia sumu, jela na kifo, ingawa mwaka nilipomuua fundi cherehani mmoja nilipigiwa simu za matusi hadi usiku. Kote kote, ikiwa mwisho unajulikana, kazi yote imebaki njiani.

Wanaoanza huijaza njia hiyo mama mkwe mkorofi, mganga na ajali ya gari. Ajali ndiyo ugonjwa wetu mkubwa. Kwa kuwa kila sehemu lazima imalizike kwa arosto, mtunzi akikosa la kufanya anamgongesha mtu, kisha mtu anapoteza fahamu sehemu kumi. Mimi naona arosto nzuri ni swali. Ndala zilizooshwa hazikumuua mtu, na saluni nzima ilinuna.

Kizuizi kizuri ni kile kisicho na mbaya wake. Msichana amepata ajira ya uuguzi Sumbawanga baada ya kusota nyumbani miaka mitatu. Kijana yuko Masasi, anamtunza mama yake asiyeona, na mama hataki kufa mbali na makaburi ya wazazi wake. Wote wana haki. Hakuna wa kumfukuza, hakuna wa kumloga. Waweke hao wawili kwenye benchi la stendi, saa moja kabla ya basi kuondoka, uone kama utahitaji ajali.

Vizuizi vingine tunavyo nyumbani tunavipita tu. Vijana wananiletea miswada ambayo mwanamume anapiga goti hotelini, pete, makofi, mwisho. Sikatai, siku hizi hapa Dar hayo yapo. Lakini barua ya posa je? Mshenga anayejua kuzungusha maneno, wazee wanaojifanya hawajui wageni wamefuata nini, binti nyuma ya pazia anayetafuta sauti ya mshenga imetetereka wapi. Na mkaja: fedha inayotengwa kwa ajili ya mama, ukumbusho wa kitambaa alichojifunga tumboni baada ya kumzaa huyu anayeposwa. Niliwahi kuandika mama anayezihesabu noti za mkaja mara tatu, si kwa tamaa, bali kwa sababu akimaliza kuhesabu mtoto atakuwa ameondoka. Mama mkwe aliweka ungo chini kabisa.

"Penzi kubwa linataka maneno makubwa"

Asali wangu, malaika wangu, ua la moyo wangu, pumzi ya mapafu yangu. Ukikuta wahusika wanaitana hivyo ukurasa mzima, ujue mtunzi mwenyewe haamini kwamba wanapendana. Kiswahili cha pwani kina mazoea ya kulisema penzi kwa pembeni. Mtu hasemi, anavaa kanga iliyoandikwa "Japo sipati tamaa sikati" na kupita mbele ya mlango unaohusika, mara mbili, kwa madai kwamba alisahau chumvi. Taarabu nayo inaishi kwa mafumbo hayo hayo: kila msikilizaji anaondoka akijua aliimbiwa yeye.

Mwana Kupona binti Msham, katika utenzi aliomtungia binti yake mwaka 1858, anamwelekeza kwamba mume akilala asikose mtu wa kumpepea. Mengi katika utenzi ule mimi na binti yangu tunabishana nayo, na binti yangu anabisha kwa sauti kubwa zaidi. Ila kama fundi wa maneno namvulia kofia: hakuandika "mpende sana", aliandika upepo.

Kwenye nyumba nyingi ninazozijua "nakupenda" inatamkwa "umekula?" Mume wangu hajawahi kuniletea ua. Siku moja ya masika, mtaa umejaa maji, gesi imeisha na sijamwambia, aliingia ameloa chapachapa na mkaa kwenye mfuko wa nailoni, mfuko umefungwa mara mbili usiingie maji. Nimeutumia mkaa ule kwenye hadithi tatu tofauti na hakuna msomaji aliyelalamika.

"Ni machombezo tu yale"

Machombezo, yaani hadithi za kuamsha ashiki, yapo, yana wasomaji wake, na wengi wao ndio wanaoyalaani mchana. Lakini kuweka hadithi zote za mapenzi kwenye kapu hilo ni uvivu. Huko Kano, kaskazini mwa Nijeria, wanawake wameandika kwa Kihausa vitabu vingi vya soyayya, yaani mapenzi, vijitabu vya bei ndogo vinavyouzwa sokoni. Balaraba Ramat Yakubu, mmoja wa wanaojulikana sana, aliozeshwa akiwa bado mtoto, na ndoa za kulazimishwa zikawa moja ya mambo anayoyaandikia. Mwaka 2007 vitabu vya aina hiyo vilichomwa moto hadharani Kano. Sidhani mtu anahangaika kubeba kiberiti kwa ajili ya upuuzi. Msichana akisoma kwamba mwenzake aliulizwa "unamtaka?" kabla ya kuozwa, kesho atasubiri na yeye aulizwe.

"Simulizi ya WhatsApp haina mwenyewe"

Inaye. Kwa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inalinda kazi tangu inapoandikwa, hata kama ni kwa kidole gumba. Kuisajili kunakusaidia kuthibitisha, lakini haki haikusubiri usajili. Inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Wanaofuta jina langu na kubandika lao nawaambia hivyo, wengine wanaondoa, wengine wananitoa mimi kwenye grupu. Sheria hailindi wazo tupu, hata hivyo: ukiandika kesho kuhusu mume aliyeosha ndala, kwa maneno yako, sina la kukudai.

Soma pia unachotia saini. Austen aliuza haki zote za riwaya yake iliyotoka mwaka 1813 kwa pauni 110, ikachapwa tena na tena, na faida ikabaki kwa mchapishaji. Mimi gazeti moja lilinilipa simulizi yangu ya kwanza nauli na chai, nikasaini karatasi nikiwa nimesimama, na miaka minne baadaye nikaikuta imekuwa kijitabu kinapangwa chini Kariakoo. Nilinunua nakala moja. Muuzaji alikataa kunipunguzia.

Msusi wa Tandika lakini alinipunguzia. Alipofunga msuko wa mwisho nikampa elfu tano, akanirudishia elfu mbili, akazikunja mwenyewe kwenye kiganja changu. "Kwa uliyopitia, dada, acha tu." Nilifungua mdomo nimweleze habari za mjomba, daftari na daladala, kisha nikaona foleni ya wanaosubiri, nikashukuru.

Nje, mume wangu alikuwa amesimama juani karibu na pikipiki, ameshika mwavuli wangu. Wote wakahamia mlangoni. Msusi akamkagua taratibu kuanzia kichwani, akashuka, akashuka, hadi miguuni. Alikuwa amevaa ndala. Asubuhi ile, kwa bahati mbaya, nilikuwa nimeziosha.