Je, wajua kwa nini mchanga hunasa chembe ndogo kuliko matundu yake?

Kwa miaka mingi niliamini, na hata kuwaeleza wengine kwa uhakika nisiostahili kuwa nao, kwamba mchanga husafisha maji kama chekeche inavyotenga unga na pumba: kikubwa hubaki juu, kidogo hupita. Hesabu haiyakubali maelezo hayo. Punje za mchanga zenye kipenyo cha nusu milimita zikibanana, huacha kati yake vijia ambavyo shingo zake zina upana wa mikromita 75 hivi (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ilhali bakteria wengi wana urefu wa mikromita 1 au 2. Ni sawa na punje ya mtama kupita kwenye dirisha lenye upana wa sentimita 30. Hata hivyo, mwanafunzi katika maabara ya uhandisi wa mazingira anapojaza mchanga ndani ya bomba la kioo na kupitisha humo maji yaliyochafuka, yanayotoka chini huwa maangavu zaidi. Isitoshe, akichunguza mchanga wenyewe ataona kwamba uchafu haukukusanyika juu tu, kama chekeche ingelazimu, bali umetawanyika hadi ndani.

Tena, kwa mantiki ya chekeche, kadiri chembe inavyokuwa ndogo ndivyo inavyoponyoka kwa urahisi. Mwaka 1971, watafiti Yao, Habibian na O'Melia walichapisha utafiti ambamo chembe za lateksi, yaani vijipira vidogo mno vya plastiki, za ukubwa mbalimbali zilipitishwa katikati ya shanga za kioo, na nadharia yao ikaonyesha jambo la ajabu: chembe ngumu zaidi kunaswa ni zile za mikromita 1 hivi. Zilizo kubwa kuliko hapo hunaswa zaidi, na zilizo ndogo kuliko hapo hunaswa zaidi pia.

Chembe kubwa hazina fumbo: uzito huzishusha juu ya punje, au unene wao huzifanya ziguse ukingo zinapopita karibu. Kwa ndogo, mfikirie mtu mwepesi anayepita kwenye ujia mrefu uliojaa watu wanaosukumana ovyo. Hana nia ya kuugusa ukuta, lakini kila kikumbo humtupa upande, na kabla ya kufika mwisho wa ujia ameshaugonga. Watu hao ni molekuli za maji, ambazo hazitulii kamwe, na virusi ni mwepesi kiasi cha kuyumbishwa nazo. Mtu mnene katika ujia huohuo hatikisiki sana. Husogea tu na mkondo. Chembe ya mikromita 1 ina balaa, au bahati, ya kuwa katikati: ni nzito mno kuyumbishwa vya kutosha, na ni nyepesi mno kuzama upesi. Huo ndio ukubwa wa bakteria wengi.

Kuugonga ukuta si kunata, na hapa nadharia inahitaji tahadhari, kwa kuwa ilijengwa kwa punje za mviringo zilizo safi. Ndani ya maji, mchanga na chembe nyingi huwa na chaji hasi, kwa hiyo husukumana. Ndiyo sababu mitambo ya maji huongeza shabu kabla ya kuchuja, ili kuupunguza msukumano huo.

Vichujio vya mchanga vya mwendo wa polepole huenda mbali zaidi, kwa kuwa juu yake hujengeka utando wa viumbe hai, baadhi yao wakila bakteria. Mchango wa utando huo hubadilika kwa maji na joto, hivyo ningesita kuupa asilimia. Athari ya vichujio vyenyewe, hata hivyo, ilionekana Ujerumani mwaka 1892: kipindupindu kiliwaua maelfu Hamburg, uliokunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja, huku Altona, mji wa jirani uliochuja maji ya mto huohuo, ukiathirika kidogo sana. Utando ukiziba, tabaka la juu hukwanguliwa, kisha maji ya kwanza humwagwa, wakati mwingine kwa siku kadhaa, kwa kuwa mchanga uliotoka kusafishwa bado haujawa kichujio kizuri.