Usawazishaji wa ardhi katika ditekta ya metali

Usawazishaji wa ardhi ni uwezo wa ditekta ya metali kupima mwitikio wa udongo wenyewe na kuuondoa kwenye hesabu, ili mlio utakaosikika uwe wa kitu kilichofukiwa, si wa ardhi inayokizunguka. Kwa mkazi wa Arusha au Moshi anayetaka kununua ditekta yake ya kwanza kwa kujifurahisha tu, sifa hii inafaa kuulizwa kabla ya kina, kabla ya uzito na, kwa maoni yangu, hata kabla ya bei.

Ditekta nyingi za wanaoanza hufanya kazi kwa masafa ya chini, aghalabu kati ya kilohezi 5 na 20. Koili, yaani duara la waya lililo chini ya mashine, hupeleka ardhini uga wa sumaku unaobadilika-badilika, na uga huo ukiikuta sarafu huzalisha ndani yake mikondo midogo ya umeme, ambayo nayo hutoa uga dhaifu unaorudi kwenye koili ukiwa umechelewa kidogo. Kwa kupima ucheleweshaji huo, mashine hukisia kama imekuta msumari au kipande cha shaba. Tatizo ni kwamba udongo wenye chembe za magnetiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, nao hujibu, tena mara nyingi kwa nguvu kuliko sarafu iliyolala sentimita 15 chini.

Huku kwetu chembe hizo hazitafutwi mbali, kwa kuwa udongo wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro umetokana na majivu na miamba ya volkano. Chukua sumaku ya spika mbovu, izungushie kitambaa chembamba, kisha iburute kwenye mchanga mkavu uliobaki mferejini baada ya mvua: itainuka na punje nyeusi zilizosimama kama nywele za brashi, na ukiivua kitambaa zitadondoka zote.

Mashine za bei ya chini kabisa husawazishwa kiwandani kwa udongo wa wastani, na mtumiaji hana pa kubadilisha. Juu ya udongo wenye punje hizo nyeusi zitalia ovyo, au zitakulazimisha kupunguza usikivu mpaka kile kina kilichotangazwa kwenye boksi kisipatikane tena. Mashine ya kusawazishwa kwa mkono ni bora zaidi: unatafuta mahali pasipo na metali, unapandisha na kushusha koili kati ya sentimita 30 na usawa wa karibu kugusa ardhi, huku ukizungusha kitufe mpaka mlio uwe uleule juu na chini. Zipo pia zinazojisawazisha zenyewe kila unapopiga hatua, nazo hufaa pale udongo unapobadilika upesi, ila ukipitisha koili mara nyingi juu ya kitu chenye mwitikio dhaifu, huweza kukichukulia kuwa ni sehemu ya ardhi na kukinyamazia. Kwa hiyo ningechagua inayojisawazisha na kuruhusu usawazishaji huo ufungwe hapo ulipofika, yenye koili ndogo, kwani koili ndogo huona udongo kidogo kwa wakati mmoja.

Tambarare za kusini mwa Moshi zina shida nyingine: penye chumvi na unyevu, udongo hupitisha umeme, na usawazishaji uliofanywa kwa ajili ya magnetiti hautoshi. Ditekta za mapigo, zinazopeleka uga kwa mapigo mafupi badala ya mfululizo, huvumilia ardhi yenye magnetiti vizuri zaidi, lakini ni hafifu katika kutenganisha chuma na metali nyingine, hivyo anayeanza atachimba misumari mpaka achoke. Na kwa wanaouliza kuhusu tanzanaiti ya Mirerani, hakuna ditekta ya metali itakayoiona, kwa kuwa kito hicho si metali.

Kuchimba mabaki ya kale kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kutafuta dhahabu kunahitaji leseni ya madini. Shamba la mtu huingiwi bila ruhusa yake.

Dukani, muuzaji hupenda kupitisha sarafu hewani mbele ya koili, jaribio ambalo halisemi lolote kuhusu udongo. Mwombe mtoke nje, mfukie sarafu sentimita 10, na akuonyeshe anavyoisawazisha mashine kabla ya kuitafuta.