Ivy League ni ligi ya michezo

Kijana akipata nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani kama MIT au Stanford, utasikia watu: "Kaingia Ivy League!" Hajaingia. Jina hilo si orodha ya vyuo bora, bali ni ligi ya michezo ya vyuo vikuu vinane vya kaskazini-mashariki mwa Marekani: Brown, Columbia, Cornell, Dartmouth, Harvard, Pennsylvania (si Penn State, hicho ni chuo kingine, tafadhali), Princeton na Yale. Makubaliano yao ya 1945 yalihusu futiboli ya Kimarekani tu. Mwaka 1954 yakapanuliwa kwa michezo yote. Ukongwe nao si kigezo: Cornell ni ya 1865, ilhali Rutgers ya 1766 haimo. Cha kuchekesha, ligi hii haitoi ufadhili wa masomo kwa kipaji cha michezo.