"Endelevu" si "iliyoendelea"

Juzi nimesikia tena taarifa ya habari kuhusu mtambo mpya wa kusafisha maji katika jamii moja ya wenyeji wa asili nchini Kanada: "mfumo endelevu wa maji umezinduliwa leo." Umezinduliwa leo, na leo hiihii umekwisha kuwa endelevu!

Maana yake ni fupi. Mfumo wa maji ni endelevu ukiwa unatoa maji salama mwaka baada ya mwaka, kwa fedha, mafundi, dawa na vipuri ambavyo jamii ina hakika ya kuvipata, kutoka chanzo kisichokauka wala kuharibika.

Kinachonikera ni jinsi neno lenyewe linavyovunjwa. Kutoka enda tunapata endelea, kama shika inavyozaa shikilia na piga ikazaa pigilia: tendo linarudiwa, linang'ang'aniwa. Kisha inakuja -vu ya mwishoni, inayogeuza tendo kuwa tabia. Aliyesikia mara moja hatumwiti msikivu. Aliyetulia dakika mbili si mtulivu. Na mvumilivu humjui mpaka afikwe na jambo la kuvumilia. Endelevu limo katika ukoo huohuo, kwa hiyo halisemi kitu kimefika wapi, linasema kina tabia gani. Tatizo ni kwamba maendeleo nayo ni ndugu wa tumbo moja, na watu wengi wakisikia endelevu wanaelewa "ya maendeleo", au "iliyoendelea": ya kisasa, ya gharama, yenye mitambo inayong'aa. Hapo ndipo maana inapotea kabisa.

Kanada ni nchi iliyoendelea, hilo halina ubishi. Lakini Neskantaga, jamii ya Mataifa ya Kwanza (First Nations, kundi mojawapo la wenyeji wa asili wa Kanada) kaskazini mwa jimbo la Ontario, ilijengewa mtambo wa maji mwaka 1993, na Februari 1995 ikapewa agizo la kuchemsha maji ya kunywa. Agizo hilo lilitimiza miaka 30 likiwa bado halijaondolewa. Oktoba 2020 wakazi walihamishiwa mji wa Thunder Bay baada ya mng'ao wa mafuta kuonekana kwenye tangi la kuhifadhia maji. Watoto wamezaliwa, wamekua na kupata watoto wao, hawajawahi kunywa maji ya bomba la nyumbani bila kuyachemsha. Siku mtambo ule ulipofunguliwa, ulikuwa mpya na wa kisasa.

Tathmini ya mifumo ya maji hulielewa jambo hili kuliko sisi wasemaji. Ukaguzi wa kitaifa wa 2009 hadi 2011 ulipitia mifumo 807 ya maji ya Mataifa ya Kwanza, na 314 ikawekwa kwenye kundi la hatari kubwa. Katika alama za hatari, usanifu wa mtambo ulibeba asilimia 30 na chanzo cha maji 10. Zilizobaki, 60 nzima, zilihusu uendeshaji, sifa za waendeshaji na utunzaji wa kumbukumbu, yaani watu na kazi yao ya kila siku. Hata hivyo, alama hizo zinaonyesha hatari iliyopo wakati wa ukaguzi. Anayepima uendelevu anauliza ya mbele: fundi huyu akipata mshahara mnono mjini, nani atashika zamu yake? Pampu ikiharibika katikati ya majira ya baridi, mahali pasipo barabara ya kudumu, kipuri kitafikaje?

Na nani atalipa? Kwa miaka mingi serikali kuu ilitoa asilimia 80 tu ya gharama za uendeshaji na matengenezo, kwa hesabu ya kanuni yake yenyewe. Ahadi ya kulipa 100 ilitolewa 2020. Kwa miaka yote hiyo majengo yalizinduliwa, na pengo la 20 likazinduliwa pamoja nayo.

Kwa hiyo, ndugu zangu watangazaji na wafasiri, naomba hili tu. Siku ya uzinduzi semeni "mtambo mpya umekamilika", au "umeanza kutoa maji". Kama wasanifu na wafadhili wamepanga mbali, semeni "umekusudiwa uwe endelevu", ni Kiswahili safi na ni kweli. Neno lenyewe endelevu tuliweke akiba kwanza, mpaka majira ya baridi kadhaa yapite na fundi wa pale kijijini awe bado yuko kazini, vipuri vikiwa stoo.