Je, wajua? "Ukanda mfu" wa Ziwa Victoria hauna maana ya maji yenye sumu

Sangara wakionekana wanaelea wamekufa, neno la kwanza kusikika kwenye mialo ya Mwanza ni sumu. Wataalamu wa ziwa hutaja ukanda mfu: maji ambayo samaki hawezi kuishi kwa kukosa oksijeni. Anayelisikia jina hilo hudhani ni eneo lenye mipaka kwenye ramani, limeharibika moja kwa moja, halina kiumbe hata kimoja. Sivyo kabisa. Ukanda huo uko chini, kwenye kina, na huja na kuondoka kwa msimu. Wala si mtupu. Bakteria wamejaa humo, na viluwiluwi vya wale wadudu wanaotanda ziwani kwa mawingu hushinda huko mchana kutwa, kisha hupanda usiku kula. Pasipokalika kwa samaki ndipo maficho yao.

Oksijeni huishaje? Fikiria chumba kilichofungwa madirisha huku jiko la mkaa linawaka. Mkaa ni mwani uliokufa na kuzama. Moto ni bakteria wanaouozesha, na kazi hiyo hula oksijeni. Madirisha yamefungwa na maji ya juu: yakipashwa na jua huwa mepesi, hukaa juu ya yale ya baridi bila kuchanganyika nayo, na hewa haifiki chini. Ajabu ni kwamba kwenye joto la ziwa letu, tofauti ya nyuzi moja au mbili tu inatosha. Kati ya Juni na Agosti maji ya juu hupoa, upepo wa kusi huyakoroga, na madirisha hufunguka.

Mbolea na majitaka hurutubisha mwani, hivyo mkaa huongezeka. Ikilinganishwa na vipimo vya mwanzoni mwa miaka ya 1960, kufikia miaka ya 1990 ukosefu wa oksijeni ulikuwa umeenea zaidi na kudumu muda mrefu zaidi.

Dhoruba inaweza kuyainua ghafla maji hayo ya chini. Sangara, anayehitaji oksijeni nyingi, huathirika mapema. Kamongo na kambare, wanaoweza kuvuta hewa juu ya maji, wana nafasi ya kunusurika. Kwa hiyo mwaloni inafaa kutazama ni samaki gani waliokufa. Dalili hiyo peke yake haitoshi, maana uvuvi wa sumu upo kweli, na samaki waliokutwa wamekufa hivyo hawafai kuliwa hadi chanzo kijulikane. Maji yapimwe oksijeni siku hiyohiyo, kabla upepo haujayachanganya tena.