Jibini ya nyati, tumbo lako na herufi moja

Dukani Parklands, mama mmoja mfugaji kutoka upande wa Kikuyu aligeuza pakiti ya jibini ya nyati kutoka Italia, akaniuliza, "Kijana, nani huyu mwenye ujasiri wa kumkama mbogo?" Tulicheka hadi mwenye duka akatutazama. Lakini alichouliza wengi hukiamini.

Mbogo wa Mbuga ya Nairobi hakamwi na mtu. Anayekamwa India, Pakistani, Misri na Italia ni nyati wa maji, mnyama wa kufugwa wa ukoo mwingine. Mbogo wetu wa savana ana kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) 52, nyati wa maji wa mtoni ana 50, yule wa kinamasi 48, na ng'ombe 60. Kwa hiyo wanaosema Friesian anaweza kupandishwa na nyati apatikane chotara wa maziwa mazito wanaota mchana.

Dhana inayouza zaidi ni hii: maziwa ya nyati ni "A2", basi asiyepatana na maziwa atayanywa bila tumbo kunguruma. Nusu ya kwanza ina ukweli. Kuna protini iitwayo beta-kasini, mnyororo wa asidi amino 209, yaani vijenzi vya protini. Kwenye nafasi ya 67, kijenzi cha aina ya A2 ni prolini na cha A1 ni histidini. Tofauti hiyo huletwa na herufi moja tu ya jeni: CCT inakuwa CAT. Nyati waliopimwa karibu wote wana prolini. Ila wenye zebu na Boran wasione wivu, maana ng'ombe hao nao wengi wao ni A2.

Nusu ya pili ndiyo inayonikera. Tumbo linalonguruma kwa maziwa aghalabu linashindwa na laktosi. Laktosi ni sukari, si protini, na nyati anayo kama ng'ombe. Madai kwamba A1 yenyewe huleta magonjwa kama kisukari yalichunguzwa na mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2009, nayo haikupata uthibitisho wa kwamba moja husababisha lingine. Na mtoto mwenye mzio wa protini za maziwa ya ng'ombe asipewe ya nyati kwa kubahatisha: protini hizo zinafanana kiasi cha mwili kutozitofautisha.

Wapo pia wanaodhani unene wa maziwa hayo, yenye mafuta asilimia 7 au 8, unatokana na jeni za kasini. Mafuta yana jeni zake. Kasini huamua zaidi jinsi maziwa yanavyoganda. Jeni zake nne zimepangana jirani kwenye kromosomu moja, ya 6 kwa ng'ombe na ya 7 kwa nyati, na hurithiwa kama kifurushi. Ukiona herufi fulani inaandamana na jibini nzuri, huenda sifa ni ya jirani yake. Nyati nao hawafanani wote: kwa wale wa Italia, alfa-S1-kasini, mojawapo ya kasini hizo nne, ina leusini au serini kwenye nafasi ya 178. Mfugaji huchagua palipo na tofauti. Kwenye ile nafasi ya 67 nyati hana cha kuchaguliwa.

Weupe wake wa chokaa si unga uliochanganywa. Nyati hugeuza karotini ya majani kuwa vitamini A, ndiyo maana hata samli yake haina umanjano.

Mama akauliza kama Friesian wake anaweza kupimwa. Anaweza, nywele chache za mkia zilizong'olewa na mizizi yake zinatosha. Akionekana ana A1 na A2, kila ndama wake ana nafasi sawa ya kurithi moja kati ya hizo, na ya pili itatoka kwa dume. "Basi nianze kwa kuuliza ya dume," akasema, akairudisha jibini kwenye friji.