Kwa nini halmashauri za jimbo la Michigan, Marekani, zinalipinga bomba la mafuta lililopita chini ya maji ya maziwa yake, lakini haziwezi kulifunga?

Bomba lenyewe ni Line 5, mali ya kampuni ya Enbridge ya Kanada. Lilijengwa mwaka 1953, linatoka Superior, Wisconsin, hadi Sarnia, Ontario, kilomita 1,038, na hupitisha hadi mapipa 540,000 kwa siku ya mafuta ghafi mepesi na gesi ya kimiminika. Ugomvi mkubwa uko kwenye kilomita 7 tu, katika Mlango wa Mackinac, Ziwa Michigan linapokutana na Ziwa Huron. Hapo bomba la inchi 30 linagawanyika kuwa mawili ya inchi 20, yaliyolazwa sakafuni mwa ziwa.

Piga hesabu. Mapipa 540,000 kwa siku ni kama lita 1,000 kila sekunde, yaani lita 500 kwa kila bomba. Hata vali za pande zote mbili zikifungwa, kipande cha chini ya maji bado kina kama lita milioni 1.2 katika kila bomba.

Chuma si kibaya: unene wake unakaribia milimita 21 na hakina mshono wa urefu. Tatizo ni sakafu. Mkondo wa hapo una nguvu, hugeuka mwelekeo mara kwa mara, na hukomba mchanga hadi bomba linabaki likining'inia. Mkataba wa 1953, ambao jimbo liliruhusu bomba lilazwe hapo, ulitaka lishikiliwe angalau kila futi 75, karibu mita 23. Dawa iliyotumika ni vishikizo vya chuma vinavyozungushwa kama skrubu hadi vizame sakafuni. Dawa hiyo nayo ina madhara, kwani bomba lililoinuliwa ni rahisi zaidi kunaswa na nanga. Aprili 2018 tagi (meli ndogo ya kusukuma au kuvuta) na tishari lake vilipita vikiburuta nanga bila kujua. Nanga ikabonyeza mabomba na kukata nyaya za umeme zilizo jirani.

Halafu kuna kumbukumbu ya Julai 2010. Bomba jingine la kampuni hiyohiyo lilipasuka karibu na Marshall, Michigan, na mafuta yakaingia Mto Kalamazoo. Wasimamizi wa chumba cha udhibiti walidhani kengele zinatokana na nafasi tupu ndani ya bomba, wakawasha pampu tena mara mbili. Zilipita saa 17 kabla ya kugundulika. Halmashauri inayotegemea maji ya ziwa, uvuvi na watalii haihitaji kuelezwa zaidi. Na majira ya baridi, barafu ikifunika mlango huo, kuyazoa mafuta ni kazi ngumu mno.

Mbona basi wasilifunge? Kwa sababu viwango vya usalama wa mabomba yanayovuka mipaka vimewekwa mikononi mwa serikali kuu ya Marekani. Baraza la mji au kaunti likipitisha azimio, hilo ni shinikizo la kisiasa, si amri. Njia iliyobaki ni ardhi. Sakafu ya ziwa ni ya jimbo, na Novemba 2020 Gavana Gretchen Whitmer alifuta ruhusa ya 1953, akitaja pia ukiukaji wa masharti ya vishikizo. Kampuni ikaenda mahakama ya shirikisho, na Kanada ikategemea mkataba wake wa 1977 na Marekani kuhusu mabomba ya kupitisha mafuta. Jibu la kampuni ni handaki chini ya sakafu. Tume ya huduma za umma ya jimbo ililikubali Desemba 2023, ingawa kulichimba ni kazi ya miaka, na muda wote huo mabomba ya 1953 yangeendelea kutumika.

Walioonyesha nguvu ya ardhi ni jamii ya asili ya Bad River, Wisconsin. Haki za bomba kupita katika baadhi ya viwanja vyao ziliisha 2013, na 2017 baraza lao likakataa kuzihuisha. Juni 2023 jaji aliamuru kampuni ilipe dola milioni 5.15 na kuacha kutumia sehemu hiyo kufikia 16 Juni 2026. Pande zote zikakata rufaa. Kampuni ikapanga njia mpya ya kama kilomita 66 kuzunguka eneo lao, nayo bado inapita upande wa juu wa Mto Bad, ndani ya bonde la mto huo.